Kazi Nyingine ya Kokoro

Mimi ni mwoga wa maji. Nimekaa Murangi, ukingoni mwa ziwa, tangu nilipoolewa, na miguu yangu imezeekea kwenye mchanga huu nikianika dagaa, lakini maji yakinipita magoti naanza kusali. Watu wa hapa wananicheka. Mimi natoka Bugwema, kwa wakulima, ambako maji ni kitu cha kuchota kwa ndoo na kuchungulia kama yatafika jioni. Kwetu hakuna aliyefundishwa kuogelea. Ungeogelea wapi, kwenye mtama?

Kwa hiyo niliposikia nimependekezwa kuingia kwenye kamati ya mwalo, pale boti zinaposhushia samaki, nilidhani ni utani. Ila utaratibu ulitaka wanawake wawemo, na mdomo ninao. Nikaingia. Tangu siku hiyo naitwa Mama Kamati, hata na watu wanaojua vizuri jina la mwanangu wa kwanza.

Tulipelekwa semina Musoma mjini. Mtaalamu mmoja alituonyesha ukutani picha za nchi za baharini ambazo zote ni visiwa, nchi nzima, hakuna bara. Akasema wenzetu hao nao walikuwa wakimaliza samaki wao, wakakaa wakakubaliana, wakafunga sehemu za mazalia, wakakataza nyavu za matundu madogo, na samaki wakarudi wenyewe. Akauita uchumi wa buluu. Mimi nilikuwa nawaza mambo yangu: nchi yote kisiwa, mtu akikosana na wifi yake anakimbilia wapi? Lakini neno moja alilosema lilinikaa. Alisema mtu wa kisiwani hawezi kujidanganya kwamba samaki wapo kwingine. Nikakumbuka sato waliokuwa wakishushwa kwetu siku hizo, wadogo kama unyayo wa mtoto, na wanawake wenzangu wakiwageuzageuza kwenye beseni kwa aibu kabla ya kuwaita wateja. Nikarudi Murangi nimeamini, na bado naamini mpaka leo.

Mkutano ulifanyika palepale ufukweni. Mambo yalikuwa mawili. La kwanza, kufunga ghuba iliyo upande wa kushoto wa mwalo, yenye matete, ambako sato wanazalia. La pili, kuchoma makokoro yote. Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa kwa mtumbwi, kisha watu wanauvuta kutoka nchi kavu kwa kamba mbili. Unakokota chini kabisa. Unakuja na kila kitu, samaki, vitoto vyao, matope, na kandambili zilizopotea tangu mwaka juzi.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyeishi kwa kokoro maisha yake yote, alisimama akavua kofia.

"Mimi sibishi," alisema. "Ila kokoro linaga kazi nyingine."

"Kazi gani?" mwenyekiti wa kamati akamuuliza. "Kuzungushia kuku?"

Watu wakacheka. Mzee akalitazama ziwa, akatutazama sisi, akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea, kisha akakaa. Wavuvi wengine wa rika lake nao walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa naangalia wingu upande wa Ukerewe, maana dagaa wangu walikuwa nje. Mkutano ukapitisha yote mawili.

Makokoro yakachomwa. Nailoni inanuka vibaya ikiungua, na moshi wake ni mweusi, unaingia kooni na kukaa. Yule mzee alileta moja, akalitupa kwenye moto. Tangu hapo hakunisalimia. Tukikutana njiani anaangalia mbuzi, hata kama hakuna mbuzi.

Mwaka uliofuata likatoka tangazo lingine: mwenye nyavu haramu alizoficha azilete kwa hiari, hataulizwa. Waliozileta wakakamatwa, wakaondoka kwenye gari la doria. Kamati yetu haikujua lolote, lakini nani angetuamini? Kuanzia hapo, hata nilipoomba chumvi kwa jirani, nilitazamwa kwanza mikono.

Sasa mdogo wangu. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, kijana mkubwa mwenye mke na watoto wawili kule Bugwema. Pamba ilipomwangusha misimu miwili mfululizo, alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti akaja kwangu kutafuta kazi ya ziwani. Nilimkatalia. Nikamwambia akauze mahindi Bunda, mtaa wa Nyasura palepale mjini tuna binamu, atamshika mkono. Akacheka. Alikuwa na kicheko kinachoanza puani.

"Dada, wewe unaogopa mpaka maji ya kuoga," alisema.

Kwa kuwa ghuba ilifungwa, mitumbwi midogo ililazimika kupita miamba na kutoka nje, kwenye maji makubwa. Akapata kazi kwenye mmojawapo, na kila alipotoka nilisimama ufukweni mpaka boti yao ikawa nukta. Siku moja akanitania mbele za watu: "Mama Kamati ndiye katufungia ghuba, sasa analia tukienda mbali!" Watu wakacheka na mimi nikacheka. Nilikuwa nimelinda vitoto vya sato, na kitinda mimba wa mama nimempeleka kwenye mawimbi. Nililijua hilo kila asubuhi. Lakini ghuba ikifunguliwa kwa ajili ya mdogo wangu, itafungwaje kwa mdogo wa mwingine?

Upepo ulikuja mchana, jua likiwa bado linawaka. Nilikuwa nageuza dagaa. Kwanza ziwa lilibadilika rangi upande mmoja tu, likawa la kijivu, kisha mabati ya banda yakaanza kupiga. Boti zilizokuwa karibu zikakimbilia ufukweni. Nilizihesabu kwa macho huku nikijua kabisa ile ninayoitafuta haimo.

Jioni waliletwa wenzake wawili. Walikutwa wameng'ang'ania madumu ya mafuta karibu na mlango wa ghuba. Mmoja alikuwa anatapika maji. Mwingine aliniona, akaanza kulia kabla sijamfikia, basi nikaelewa.

Kwetu mwalo ukipoteza mtu, boti zote zinavutwa juu. Hakuna anayevua mpaka mtu apatikane. Huwezi kula samaki wa maji yaliyomshika mwenzako. Wanunuzi waliotoka Bunda na makreti yao waligeuza magari bila kuuliza. Wanaume wakatafuta kwa mitumbwi, wakipiga maji kwa makasia, wakitazama juu ya uso wa ziwa. Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, akaja na boti ya injini akazunguka mpaka mafuta yakaisha. Mdogo wangu hakuonekana.

Mama yangu aliletwa kwa pikipiki kutoka Bugwema. Aliingia ndani kwangu, akakaa chini, akaupa mlango mgongo ili asione ziwa. Hakula. Siku zilivyosogea, wazee wa ukoo wakaja kumweleza taratibu kwamba mtu akikosekana kabisa, kuna njia: unakatwa mgomba, unavikwa nguo zake, unazikwa, msiba unafungwa, watoto wananyolewa nywele na maisha yanaendelea. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mgomba sizikagi," alisema. "Nilizaa mtu."

Usiku akiwa amelala aliniita kwa jina la mdogo wangu, nami niliitika, maana sikujua la kufanya.

Hofu niliyokuwa nayo siku hizo sijui niieleze vipi. Haikuwa kwamba amekufa, hilo nilishalijua. Niliogopa asipatikane. Niliogopa apatikane, kwa sababu ghuba ile ina mamba. Nilikuwa nachota maji ya kunywa na kuyatazama kwenye ndoo kwa muda mrefu. Niliogopa mama afe mgongo ukiwa mlangoni, akingoja.

Mmoja wa wavuvi waliokuwa wakitafuta alinivuta pembeni ya banda. Akanong'ona kama anayetaka kuniibia.

"Shemeji, yuko humo ghubani. Mkondo unaingizaga vitu mule. Lakini magugu maji yamefunika juu, na chini ni tope. Hawezi kuibuka. Sisi siku zote tulikuwaga tunakokota."

"Mnakokota na nini?"

Akanitazama kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. "Na kokoro, shemeji. Kuna kitu kingine?"

Nilikaa kwenye jiwe. Mkutano wote ule ukanirudia, kofia mkononi, kazi nyingine, kicheko. Wavuvi wote pale walikuwa wanajua. Lakini kuna neno ambalo hapa halisemwi ufukweni, miguu ikiwa imeelekea maji, nalo ni kuzama. Ukilisema, umemwita atakayezama. Mzee hakuweza kulitamka pale, hata kwa ajili ya kulitetea kokoro lake. Wenzake hawakuweza. Na sisi tuliofanya mkutano wetu kwenye mchanga huohuo, kwa sababu kuna kivuli na upepo mzuri, tulipitisha kuchoma yote bila kubakiza hata moja.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Akasema hata kukutwa nalo tu ni kosa, sembuse kulitumia, tena ndani ya mazalia. Nikaenda kwa bwana samaki. Alikuwa kijana mpole, macho yamemvimba kwa jua la ziwani.

"Mama, mimi nikiliona nimeliona," alisema. "Siwezi kusema sikuona." Halafu akaanza kufunga kamba ya boti yake. "Mafuta yameisha. Naenda Musoma kutafuta mengine. Huenda nikachelewa mpaka kesho jioni."

Nilimshukuru. Akasema hakuna alichonifanyia.

Ikabaki kumpata mwenye kokoro, kama bado yupo. Na kama yupo, amwamini Mama Kamati, baada ya lile gari la doria. Nilikwenda kwa jirani yangu mchana kweupe, ili asione kama namnyemelea. Mkewe alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Hakuniambia nikae, lakini alisukuma kigoda kwa mguu kidogo kuelekea kwangu. Mzee alikuwa anasuka kamba, akaendelea kusuka.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika.

"Baba, sijaja kama kamati."

"Umekuja kama nani?"

"Kama dada wa mtu."

Vidole vyake vikasimama. "Siku ile nilisema linaga kazi nyingine. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulinielewa?"

"Sikuelewa, baba. Mimi ni mtu wa Bugwema."

"Nawe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alitazama ugali, akatazama kamba. "Nenda kwa mama yako," alisema. "Asikae peke yake."

Basi. Niliondoka bila kujua kama nimepewa au nimenyimwa. Usiku ule mvua ilinyesha na mama hakulala, nami sikulala, tukawa tunasikiliza paa.

Asubuhi nilisikia watu kimya, na hapa asubuhi haijawahi kuwa kimya. Nikatoka. Kwenye mchanga karibu na ghuba lilikuwepo kokoro, limelazwa kwa urefu wake wote, mabua ya mtama yamenasa kwenye matundu. Lilikuwa limefichwa chini ya lundo la malisho ya ng'ombe miaka yote hiyo. Mzee alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti lake la kanisani. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo. Mwalo mzima ulikuwepo.

"La nani hili?" mwenyekiti akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Langu," mzee akasema, kwa nguvu, ili hata walio nyuma wasikie. "Na ninyi wote mmesikia. Sasa shikeni kamba."

Wakazungusha. Mimi nilishika kamba ya kulia, nikaingia majini mpaka kiunoni, na sikusali wala nini. Tulivuta. Kila mara kamba ilipoganda kwenye kitu, mkono wangu ulitaka kuachia. Nilitaka liwe gogo. Nilitaka lisiwe gogo.

Mvuto wa kwanza ulikuja na magugu maji na samaki. Sijawahi kuona hivyo tangu niolewe. Vitoto vya sato, mamia kwa mamia, vinaruka na kung'aa, vimejaa kiasi kwamba matope hayakuonekana. Yule mtaalamu wa visiwa hakudanganya. Walikuwa wamerudi. Watu wote pale walikuwa na siku kadhaa hawajala kitu cha ziwani, nyumbani kuna watoto, na samaki walikuwa miguuni mwao. Hakuna aliyeinama kuchukua hata mmoja. Mzee akasema warudishwe upesi kabla hawajafa, na tukaanza kuwarudisha, kwa mikono, kwa mabeseni, kwa vitenge, wanaume na wanawake, mwenyekiti mwenyewe akitumia kofia yake. Nilikuwa nalia wakati huo. Niliona uchungu na nikaona fahari pamoja, na ile fahari ilinichukiza.

Mvuto wa pili ulikuwa mzito tangu mwanzo. Waliokuwa wazoefu wakaanza kuvuta taratibu. Mzee akaja akasimama mbele yangu, akanipa mgongo wake wenye koti nisione wavu ukitoka. Nikaona hata hivyo, pembeni ya bega lake. Niliona sweta ya kijani niliyomnunulia sokoni Bunda. Mamba hawakumgusa.

Mama alipoambiwa, aligeuka. Hilo tu. Aligeuza mwili wake kuelekea mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu alipofika, akaomba maji ya kunywa. Mdogo wangu tulimzika Bugwema, kwenye udongo mkavu, mbali na ziwa, na padri akasema maneno mazuri ambayo siyakumbuki.

Tuliporudi, kamati ikakaa. Safari hii nilikataa tukae ufukweni, nikasema tukae nyuma ya shule, na kila mtu akajua ni kwa nini. Bwana samaki alikuwa amerudi na mafuta yake. Mzee akaja mwenyewe, kokoro limekunjwa juu ya mkokoteni, akalishusha mbele yetu.

"Chomeni," alisema. "Sheria ni sheria, na samaki mmewaona. Mimi mwenyewe nimewaona, sibishi tena. Ila mkishachoma, mwombeni Mungu asizame mwingine."

Alilitamka neno lenyewe. Wanawake wawili walijishika vifua.

Nilisimama. Sikuwa na hotuba. Nilisema lisichomwe, lifungiwe kwenye chumba cha mwalo, lisitoke kwa samaki wa aina yoyote, litoke kwa mtu tu, na likitoka mwalo mzima uwepo. Mwenyekiti akaguna. Bwana samaki akasema hakuna kifungu kinachosema hivyo, kisha akasema pia hakuna aliyemwonyesha kifungu cha kuokota maiti, akatazama viatu vyake. Wakakubali.

"Ufunguo akae nao nani?" mwenyekiti akauliza.

Nilidhani watampa yeye mwenyewe, au mzee. Mzee akaninyooshea kidole.

"Akae nao huyu. Yeye anaogopa maji. Asiyeogopa akikaa nao, siku moja njaa itamwambia afungue."

Sasa ufunguo ninao. Naufunga kwenye pindo la kitenge, nikilala nauweka chini ya mto. Mzee ananisalimia. Samaki wameongezeka nje ya miamba, hata wanaume wanakiri, wakiwa wameshiba. Ghuba bado imefungwa na mitumbwi midogo bado inakwenda mbali. Nikiona wingu la kijivu nazihesabu boti. Naogopa mtu atakayekuja kunibembeleza nimfungulie usiku avue mara moja tu. Lakini namwogopa zaidi atakayekuja mchana akikimbia.

Juzi alikuja. Nilimwona kwa mbali, mama mmoja mwuza dagaa mwenzangu, anakimbia mchangani kuelekea kwangu, kanga imemdondoka na hakurudi kuiokota. Anaita. Upepo ulikuwa unachukua maneno. Nilisimama, mkono umeshashika pindo la kitenge.

Alifika akihema. "Mama Kamati, anua dagaa wako! Mvua hiyo inakuja!"

Tulianua pamoja. Akanigombeza mbona natumia mkono mmoja na mvua inatukuta. Nilijaribu kuutoa ule mwingine, vidole vikakataa kuachia ufunguo.